Nguo za baridi na mlima wetu: nani alivaa nini



Najua nimepotea hapa kama wiki tatu hivi. Msinilaumu jamani. Kulikuwa na majaribio mawili, ikaja kazi ya kikundi ambayo kikundi chenyewe ni mimi na mwenzangu mmoja (wale wengine watatu tunawajua kwa majina tu kwenye karatasi), halafu wikiendi ya sikukuu nikapanda basi kwenda nyumbani Marangu. Nimerudi chuo juzi. Miguu bado imevimba kwa kukaa kwenye basi.

Leo sitaandika habari za maji kukatika hosteli. Nataka niandike historia, na wale mnaosema sisi wa Ualimu hatujui kuandika kitu zaidi ya andalio la somo, kaeni mkao wa kula.

Chanzo ni mdogo wangu. Kamaliza kidato cha sita, anasubiri mambo yake, na baba mkubwa ambaye ni mwongozaji wa watalii amempatia nafasi ya upagazi. Safari ya kwanza ya maisha yake. Akanipigia: "Shikamoo dada. Naomba kidogo kwenye bumu lako ninunue buti." Nikamwuliza mpaka sasa una nini. Ana jinzi mbili, sweta la shule na raba. Nikamwuliza kampuni yenyewe inawapa nini. Akacheka tu. Kile kicheko ndicho kilichonipeleka maktaba siku ile, nikaacha kusoma nilichotakiwa kusoma.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kila kitabu cha historia kinasema hivyo na sisi tumekariri hivyo tangu shule ya msingi. Kitu ambacho mimi sikukariri ni kwamba alimwuliza kiongozi wa msafara wake ule weupe ni nini, na yule bwana akamjibu kwa neno moja: baridi. Hakusema theluji, maana neno hilo halikuwa na kazi kwake. Alisema baridi. Rebmann alipoandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na Ikweta, msomi mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alimpinga kwa miaka mingi. Bwana yule wa msafara hakuhitaji kubishana na mtu.

Na kabla ya hapo kuna habari ambayo wamisionari wenyewe waliiandika baada ya kusimuliwa. Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu kwenda kuangalia ule weupe ni kitu gani, pengine ni fedha. Akarudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu. Sisi tunafundishwa habari za mlima kama orodha ya wazungu na miaka yao, kumbe ya kwanza kabisa ni ya watu waliopanda na nguo walizokuwa nazo, na mmoja tu aliyerudi na jibu, akilipa kwa vidole vyake.

Baada ya hapo ndiyo orodha yenyewe. Von der Decken alijaribu 1861, akajaribu tena 1862 akafika kama mita 4,200 na ushee. Charles New aligusa theluji 1871, na wenzake wengi aliotoka nao walishindwa njiani kwa baridi. Naipita haraka sehemu hii kwa sababu ninayemtaka ni Hans Meyer.

Meyer ni mfano mzuri sana kwa mtu anayechagua vifaa, kwa sababu alipanda mlima uleule mara mbili, na mara ya kwanza alishindwa. Mwaka 1887 alifika kwenye ukuta wa barafu, akakwama. Hakuwa na vifaa vya kupanda barafu wala mwenzake anayeijua barafu. Mwaka 1888 alirudi akakamatwa wakati wa vita vya Abushiri, hata mlima hakuufikia. Mwaka 1889 akaja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, na safari hii walikuwa na mashoka ya barafu. Walikata ngazi kwenye barafu, hatua moja karibu mapigo 20 ya shoka. Hebu fikiria hilo kwenye hewa ile nyembamba. Tarehe 6 Oktoba 1889 wakafika juu kabisa.

Lakini kuna kifaa kingine ambacho mara ya kwanza hakukipanga vizuri, nacho ni chakula. Safari ya 1889 aliweka kambi kwa ngazi, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu mara kwa mara ili wao wasilazimike kushuka. Kwenye kambi ya juu, kama mita 4,300, alibaki nao mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani. Pangani jamani! Mnaijua Pangani, minazi na jasho. Mtu wa pwani alikaa kule juu usiku na mchana akiangalia kambi na moto, wao wakienda kwenye barafu na kurudi. Kwetu Marangu tunamtaja zaidi Mzee Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki 1996 akiwa mzee sana, na serikali ilimheshimu kama mwongozaji wa safari ile. Meyer katika kitabu chake anasema kileleni walikuwa wao wawili tu. Wanahistoria wanaendelea kuvutana, na mimi nikiwa mtu wa Marangu msiniulize niko upande gani.

Haya, sasa tuingie kwenye nguo zenyewe.

Wale wa Jiografia mnakumbuka: kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama 6 hivi. Kutoka lango la Marangu, kama mita 1,900, hadi Uhuru, mita 5,895, ni karibu mita 4,000. Kwa hiyo kama langoni ni nyuzi 20, juu ni chini ya sifuri kabla hata hujaweka upepo na usiku. Na nguo haina joto lake yenyewe, hili watu wengi hawalijui. Joto ni la mwili wako. Nguo inashika hewa tu, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lako lisikimbie. Ndiyo maana nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja zito: kuna hewa katikati. Ndiyo maana pia pamba ikilowa ni hatari. Pamba hunywa maji, ile hewa inaondoka, na maji yakianza kukauka yanakauka kwa joto lako wewe. Sufu ikilowa bado inabakiza joto kiasi. Kondoo anajua.

Wazungu nao hawakuzaliwa wanajua haya, tusijidharau. Mwaka 1922 kule Everest, George Finch alikuja na koti alilolibuni mwenyewe, kitambaa cha maputo kimejazwa manyoya laini ya bata. Wenzake walimcheka, maana muungwana wa Kiingereza alipanda mlima na suti yake ya sufu. Baridi ilipowakamata wakaanza kulitamani lile koti. Finch na Geoffrey Bruce walifika zaidi ya mita 8,300 mwaka huo. Leo kila mtalii anayeshuka kwenye gari pale langoni kavaa mjukuu wa koti lile. Na George Mallory, aliyepotea Everest 1924, mwili wake ulipopatikana 1999 alikuwa amevaa hariri na sufu, tabaka juu ya tabaka, na gabadini juu. Mwaka 2006 zikashonwa nguo kama zake na kujaribiwa kule kule Everest, zikaonekana si mbaya hata kidogo kwa mtu anayetembea. Kwa mtu aliyelazimika kulala nje zisingetosha.

Shikeni hilo la kutembea na kusimama, nitalirudia.

Halafu viatu. Zamani mabuti ya mlimani yalikuwa ya ngozi na soli yake imepigiliwa misumari ili ishike. Misumari inashika kweli, lakini chuma kinapitisha baridi hadi mguuni. Kwenye mwamba mgumu wapandaji walikuwa wanavua hayo mabuti wanavaa viatu vyepesi. Mwaka 1935 kundi la Waitalia lilipanda Punta Rasica hivyohivyo, na viatu vyepesi, dhoruba ya theluji ikawakuta huko juu. Watu 6 wakafa. Mmoja wa waliokuwa kwenye safari ile, Vitale Bramani, alirudi nyumbani na kitu kimoja kichwani: kiatu kimoja kinachofaa mwamba na theluji pia. Kwa msaada wa kiwanda cha matairi cha Pirelli akatengeneza soli ya mpira yenye meno mazito, 1937. Ndiyo hiyo Vibram, jina limetoka kwenye jina lake. Waitalia walipofika kileleni K2 mwaka 1954 walikuwa juu ya soli hiyo.

Mpira wa matairi. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu maktaba hadi dada mmoja akanigeukia. Kwa sababu babu yangu naye alipanda Kilimanjaro juu ya tairi. Makatambuga!

Babu alibeba mizigo miaka ya 1960 akiwa kijana. Wikiendi hii nilimkalisha nikamhoji rasmi, na daftari mkononi, kama tunavyofundishwa kuhusu masimulizi ya mdomo. Anasema vibanda vya njiani wazee walikuwa bado wanaviita Bismarck na Peters, majina ya Wajerumani, kabla havijawa Mandara na Horombo. Alikuwa na kaptula, shati, blanketi moja na koti la jeshi alilonunua kwa mtu. Blanketi mchana alilikunja kichwani chini ya mzigo kama kata, usiku akajifunika. Kwa hiyo mvua ikinyesha mchana, usiku analala na blanketi lililolowa. "Mlikuwa mnafanyaje, babu?" Akasema, "Tulikuwa tunalala wengi." Basi. Hakuongeza. Nikaandika hivyohivyo.

Nikamwuliza habari za Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge kileleni usiku wa uhuru. Anakumbuka vizuri, alikuwa kijana mdogo. Anasema waliangalia mlimani usiku ule hadi shingo zikauma.

Sasa angalia kilichotokea. Wakati babu amelala na wenzake chini ya blanketi lililolowa, kwenye mzigo aliobeba kulikuwa na kila kitu ambacho historia ya hawa wote ilishafundisha: koti la manyoya ya bata, soksi za sufu, begi la kulalia. Elimu ya miaka mingi ya Everest na Alps ilipanda Kilimanjaro kwa kichwa cha babu, na yeye hakuigusa. Alikuwa anaibeba tu. Hili ndilo nililotaka kuandika tangu mwanzo, mengine nilikuwa nazunguka.

Mambo yamebadilika? Kwa kiasi. Siku hizi kuna kikomo cha mzigo, kilo 20, unapimwa langoni. Tangu 2003 pale Moshi kuna mradi wa KPAP unaowaazima wapagazi nguo za mlimani bure, unachukua ukienda na unarudisha ukishuka. Baba mkubwa ndiye aliyenieleza, na mdogo wangu alienda akapata suruali nzuri ya kuzuia mvua na glovu. Sikujua kabisa kitu hicho kipo, na nimekulia Marangu.

Vilivyobaki tukaenda kuvitafuta Memorial. Kwa wasiojua Moshi, Memorial ni soko la mitumba, na nadhani ni mahali ambapo kile kilichopandishwa juu kwenye mizigo hatimaye kinashuka kwenda kwa mpagazi, kimezunguka dunia nzima kwanza. Mzungu wa Ulaya amechoka na koti lake, amelitoa sadaka, limefungwa kwenye robota, limepita bandarini, na sasa liko chini kwenye turubai mbele yangu na kaka mmoja anapiga kelele bei.

Hapa sasa ndipo ile historia ilipotusaidia. Mdogo wangu moja kwa moja alikimbilia koti kubwa la manyoya ya bata, limetuna, rangi ya machungwa, zuri kweli kwa picha. Baba mkubwa akasema weka chini. Manyoya ya bata yakilowa yanagandamana, hewa inaisha, unabaki na mfuko wa maji. Linamfaa mtalii anayetembea pole pole na mtu mwingine amembebea koti la mvua. Mpagazi hafanani naye. Mpagazi anatoka wa mwisho kambini maana anakunja mahema, halafu anatakiwa afike wa kwanza ayasimamishe. Kwa hiyo anakimbia na kilo 20, analowa jasho hata jua likiwa halipo, kisha anafika juu anasimama kwenye upepo akigonga vigingi. Kutembea na kusimama, ndiyo hiyo. Ushauri mwingi nilioukuta maktaba umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetembea taratibu, huyu wa kwetu hayumo.

Tukachukua hivi. Fulana mbili za polista, zile nyembamba za mpira, kwa ajili ya jasho: anatembea na moja, anafika anavaa kavu. Jinzi marufuku. Flisi mbili, ile nguo laini kama manyoya ya mwanakondoo, elfu 8 moja na nyingine elfu 6. Hiyo nayo ina historia yake, ilitoka kiwanda cha Malden Mills, Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1970, ni plastiki ile ile ya jamii ya chupa za maji, haitaki kunywa maji na inakauka haraka. Koti la mvua refu, lipite mapajani. Mzula tukamwachia mama asuke, amesuka kwa siku mbili, na sufu.

Buti zilitutoa jasho. Baba mkubwa alinifundisha kitu: buti kuukuu usiangalie juu, bonyeza soli kwa kidole gumba. Ile sehemu ya katikati inayofanana na sponji ikikaa miaka mingi inaoza yenyewe hata kama kiatu hakikuvaliwa, na soli inabanduka siku utakayoihitaji. Tulibonyeza jozi kama 10. Mbili zilimeguka mkononi kama mkate, mwenye mali akatuangalia vibaya. Ya mwisho ikawa ngumu, nikaigeuza, na katikati ya soli kuna nembo ndogo ya njano. Vibram! Nilipiga kelele kama nimekutana na ndugu. Elfu 35. Yule kaka alipoona nimefurahi akataka kupandisha hadi 45, kosa langu mwenyewe. Ni kubwa namba moja, ndivyo inavyotakiwa, soksi mbili zikae na vidole visigonge mbele wakati wa kushuka.

Bumu limeisha, msinipigie kuhusu ule mchango.

Barafu aliyoikata Meyer kwa mapigo 20 kila hatua haipo tena pale, zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo 1912 imeshatoweka, kwa hiyo kwenye njia za kawaida mashoka wala vyuma vya meno vya miguuni havihitajiki. Baridi ndiyo imebaki. Babu alipotuona tunapanga begi alienda ndani akarudi na blanketi. Lile lile, la miaka hiyo, limetoboka pembeni. Mdogo wangu alinitazama kunitafutia ruhusa ya kulikataa, maana kilo zinahesabiwa. Nikajifanya sijaona. Akalipokea kwa mikono miwili.

Wameanza kupanda jumatatu. Simu yake haipatikani tangu langoni. Juzi usiku niliamka mara mbili hapa hosteli, feni inazunguka na bado joto, nikawa naangalia simu. Jana saa 3 usiku ikaingia meseji, wako Horombo ambako mtandao unashika shika. Nainakili kama ilivyo:

"Dada tumefika. Mvua tangu Mandara. Nimebadili fulana. Buti poa. Kuna mshkaji kaja na jinzi na raba nimempa flisi moja na blanketi la babu. Kesho Kibo. Usimwambie mama kuhusu mvua."

Sijamwambia.